Tundu Kwenye Kibendera Chekundu

Pamba mbichi ina harufu ambayo watu wengi hawaijui, kwa sababu wao hukutana na pamba ikiwa imeshakuwa shuka. Ikilundikwa ndani ya nyumba hunuka vumbi la jua, mafuta ya mbegu, na kitu kingine kinachofanana na jasho la mtu aliyelala mchana. Juma lile harufu hiyo ilinirudia, ingawa chumba nilichokuwa nikilala Sapiwi, kijijini kwa babu, kilikuwa hakijawekwa pamba kwa misimu mingi, na pamoja nayo likaja swali lililoninyima usingizi: je, babu yangu alinifundisha beji zake za Kirusi ili siku moja niondoke, au ili nisiondoke kamwe? Najua swali hili laweza kuonekana dogo. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka jambo lenyewe lichoke. Hata nikinunua nyanya hurudi njiani nikijiuliza kama muuzaji aliichukulia vibaya salamu yangu. Lakini hili lilikuwa na uzito wake. Nilikuwa nimepigiwa simu kutoka Morogoro, kwenye karakana ya mitambo mikubwa niliyoomba nafasi zamani hadi nikakata tamaa, wakinitaka niripoti Jumatatu. Na kikao cha ukoo kilikuwa kimeshaamua tangu masika kwamba mimi, Kabula, msomi asiye na kazi wala mume, ndiye wa kubaki na babu baada ya bibi kufariki. Kulijibu swali la beji kulikuwa ni kulijibu na lile la kwenda au kubaki.

Msimu ninaoukumbuka nilikuwa darasa la tatu. Simiyu ilikuwa haijawa mkoa, na Bariadi bado tuliihesabu kuwa Shinyanga. Wazazi wangu waliishi mjini Bariadi, baba akiwa karani na mama akiuza vitenge sokoni, na kila likizo ya katikati ya mwaka walinipeleka Sapiwi kuokota pamba pamoja na watoto wa ukoo. Siku ya mwisho ya mavuno nilipanda juu ya trela la ng'ombe lililojaa pamba pomoni, mimi na Shija, mtoto wa baba mkubwa, tukiimba kwa sauti ya kuwatia wazimu ng'ombe. Gurudumu likaingia kwenye korongo. Shija aliangukia kwenye pamba, mimi nikaangukia kwenye ardhi. Pamba ni laini. Udongo wa mbuga uliokauka siyo. Hospitalini wakanifunga mguu hogo la plasta kuanzia pajani hadi karibu na vidole, na kwa kuwa mjini mchana nyumba yetu ilibaki bila mtu, baba akaona ni heri nirudishwe Sapiwi mpaka mfupa uunge. Babu alinipokea mlangoni akasema, "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," na watu wote wakacheka, maana methali ilikuwa imeketi mahali pake barabara. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba ng'ombe wa methali angalau hurejea kwa miguu yake mwenyewe.

Kwetu pamba haiwekwi nje. Mwizi, mvua ya ghafla na mbuzi wote ni ndugu, husema watu, kwa hiyo mavuno huingizwa ndani na wenye nyumba hujibana. Chumba nilichopewa mimi ndicho kilichokuwa ghala. Lundo lilianzia miguuni pa kitanda changu cha kamba na kupanda mpaka karibu na mabati, likaziba dirisha lote isipokuwa ufa mwembamba juu, ambako mwanga uliingia kama maziwa yanayovuja kwenye kibuyu. Kangambili wekundu, wadudu wa pamba, walitambaa ukutani wakiwa wameshikana wawili wawili. Mwaka ule kituo cha kununulia kilichelewa kufunguliwa; kila jioni babu alirudi kutoka huko akisema "bado," na "bado" hiyo ikawa kama komeo la mlango wangu. Nje nilisikia wenzangu wakiswaga ndama, wakigombea michembe ya viazi, wakinisahau. Mwanzoni walikuja kunisalimu. Kisha walipita dirishani wakiita jina langu bila kusimama. Kisha wakapita tu. Nililala nikitazama lundo lile, nikaanza kuamini kwamba linakua, na kwamba siku moja nitaamka limenifikia kifuani.

Nadhani ni bibi aliyemwambia babu kwamba mtoto anaharibika. Asubuhi moja babu aliingia na kibendera chekundu cha pembe tatu, kitambaa kizito chenye mashada ya nyuzi za dhahabu pembezoni, ambacho siku zote nilikiona kikining'inia kwenye msumari chumbani kwake na ambacho watoto tulikatazwa hata kukinyooshea kidole. Kilikuwa kimejaa beji. Babu yangu alikuwa askari ujanani mwake, na miaka ya sabini alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Urusi, wakati huo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, kujifunza ufundi wa magari ya jeshi. Huko, alisema, askari walibadilishana beji kama sisi tunavyobadilishana mbegu. Nyingi alizipata kwa vinyago alivyotoka navyo nyumbani, na moja kwa shati lake mwenyewe, akarudi bwenini akiwa na koti juu ya ngozi tupu na theluji nje. "Mke wangu mdogo," akaniambia, kwa utani ule wa babu na mjukuu, "wewe huwezi kutoka, na hawa hawawezi kutoka. Fahamianeni."

Hakunifundisha kama mwalimu wa shule. Alinifundisha kama mchungaji anavyofundishwa kundi. Mtoto wa mfugaji hawezi kusema "yule ng'ombe mwekundu," kwa sababu wekundu ni wengi. Lazima aseme ni yupi, ana pembe gani, ni wa mama gani. Vivyo hivyo nami sikuruhusiwa kusema "hii nyekundu." Na kwa kuwa chumba kilikuwa kiza, alinitaka nizijue kwa vidole kwanza, macho baadaye.

"Anza na mgongo," alisema. "Usoni kila mtu anapendeza."

"Mgongo una msumari wenye nyuzi, Guku." Guku ndivyo tunavyomwita babu kwa Kisukuma.

"Na nati?"

"Ya mviringo. Ina maandishi."

"Basi huyo ni wa kufunga kifuani. Sasa huyu?"

"Ana miguu miwili ya waya."

"Wa kofia huyo. Umwinamishe miguu nyuma ya kitambaa, amekaa. Uzito?"

"Mwepesi."

"Mwepesi ni alumini, mtoto wa juzi. Mzito ni shaba, mzee wake. Ukiambiwa ni mzee na ni mwepesi, mwambie aliyekuuzia amrudishe kwa mama yake."

Kidogo kidogo kundi likapata sura. Kulikuwa na beji ya Gvardia, yaani ya vikosi vilivyopewa heshima ya ulinzi maalumu, yenye shada la majani, nyota nyekundu juu ya weupe, na bendera iliyolala kwa mshazari; chini yake maandishi CCCP niliyoyasoma "sisisipi" mpaka babu akaninyoosha kwamba kwao ile C ni S na ile P ni R. Kulikuwa na ya askari bora. Kulikuwa na ya warukaji wa miavuli, ya buluu, yenye mwavuli mweupe na kijibati kilichoning'inia chini na kulia ting ukiitikisa. Hiyo ndiyo iliyogharimu shati. Kulikuwa na ya mwanamichezo anayekimbia, ambaye nilimwonea wivu. Na kulikuwa na ngao ndogo za buluu nzito zilizokumbatiwa na majani, zenye tarakimu katikati: hizo zilikuwa za daraja la ufundi, na hizo babu hakubadilishana na mtu. Alizifanyia mtihani. Aliyoanza nayo ilikuwa na tatu, iliyofuata mbili. Kila siku nilizitaja zote kwa mpangilio, macho yamefumbwa, kidole gumba kikitembea juu ya kitambaa, na nikikosea moja tunarudi mwanzo.

Habari zikatoka nje. Shija, ambaye nadhani alijisikia vibaya kwa kuangukia upande ulio laini, akaanza kuniletea vitu vya kutambua, na nyuma yake wakaja wengine, wakisimama mlangoni na nyayo zenye mavi ya ng'ombe ambazo bibi alizifukuza kwa fagio.

"Daktari wa mabati," Shija aliita, "mgonjwa huyu hapa!"

Nikakipokea kibati alichonipa, nikakigeuza mgongo. "Hii ni beji ya akina mama wa kanisani. Umeiba kwa nani?"

"Nimeokota."

"Umeokota kwenye kifua cha mama yako."

Wakacheka hadi kuku wakaruka. Siku nyingine vililetwa kifungo cha koti la mlinzi, bizimu ya mkanda, kizibo cha soda kilichopondwa na gurudumu. Nilivipima vyote kwa uzito uleule wa sura, na kwa muda ule mfupi mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa mtu. Kisha ng'ombe walirudi, wao wakaenda kuwalaki, na mimi nikabaki na pamba.

Sasa, katika kibendera kile, baada ya ngao yenye mbili, palikuwa na tundu. Halikuwa tundu la mende wala la kuchakaa. Lilikuwa duara safi, lililotobolewa kwa ncha ya moto, kingo zake ngumu, saizi ileile ya msumari wa beji. Kila gumba la babu lilipofika hapo, lilisimama. Lilikaa kidogo, likavuka. Nami nikajifunza kusimama hapo pia, nikidhani ni sehemu ya somo. Siku moja nikauliza.

"Guku, na huyu?"

"Huyo hajarudi kutoka malishoni," akasema, akakikunja kitambaa.

Mtoto wa mahali pengine labda angelichukua jibu hilo kama mzaha. Kwetu mnyama asiyerudi ni jambo zito. Hulali, unachukua tochi na kumtafuta mpaka umpate, hai au mzoga. Nami nilikuwa na akili ya kutafuna jambo tangu wakati huo. Beji haitembei, nikawaza. Kama haipo kwenye kitambaa, imedondoka. Na kama imedondoka, imedondoka humu, kwa sababu kitambaa huletwa humu. Lundo limeimeza. Basi nikaanza kulichimba. Nilijiburuta hadi ukingoni mwa kitanda, hogo likikwaruza sakafu, nikaingiza mkono hadi begani, nikapapasa kila kitu kigumu nilichokigusa: mbegu, kijiti, kipande cha ganda. Nikiamka nachimba, wakila nachimba. Nilijua lazima ipatikane kabla kituo hakijafunguliwa, kwa sababu pamba ikishaingia kwenye magunia na kwenda, beji ya babu itakwenda nayo mpaka kiwandani na haitarudi tena. Kwa mara ya kwanza nikaombea ile "bado" iendelee. Shija alipoona mashimo yale alibadilisha jina langu: sikuwa daktari tena, nilikuwa panya wa Urusi.

Hawakunisubiri. Asubuhi moja babu aliingia bila kusema neno lile, na nyuma yake wanaume wenye magunia. Walikanyaga, walishindilia, waliimba, na nilipopiga kelele kwamba wasubiri, wakadhani nalia kwa maumivu ya mguu. Jioni chumba kilikuwa kitupu. Dirisha lilifunguka lote, na mwanga ulioingia ulikuwa mwingi mno kiasi kwamba nilijifunika uso. Nikashuka chini, nikaburuta makalio sakafuni kutoka pembe hadi pembe, nikisukuma vumbi kwa viganja. Hakukuwa na kitu. Hapo ndipo nililia kilio cha kweli.

Bibi alinikuta hivyo. Alipoelewa ninachotafuta aliketi sakafuni pale pale, miguu ameinyoosha mbele, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga, na cheko lilipoisha uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Ng'wanawane, mwanangu, hiyo haikuwahi kuwapo," akasema. "Lile tundu alilitoboa mwenyewe huko huko, kwa msumari wa moto, akiiandalia nafasi. Ilibaki ya daraja la kwanza. Wiki ya mtihani ikafika habari kwamba baba yake yu mahututi, na yeye ndiye kifungua mimba. Akaomba ruhusa, akarudi. Unajua alimkuta wapi mgonjwa?"

"Kitandani."

"Zizini. Anakamua. Hata hakusimama. Akamsalimu, 'Mwadila, mwanangu. Ng'ombe wako hawa.' Na mimi nilikuwa ndani nimeshapakwa mafuta. Ng'ombe na mke, siku moja." Akanipangusa vumbi mashavuni. "Usimuulize tena. Siyo kwamba ana hasira. Ni kwamba hana jibu."

Nimelibeba lile neno miaka yote. Hogo lilikatwa, nikarudi mjini, nikasoma, nikaenda chuo kusomea uhandisi wa mitambo, na kila aliyeniuliza kwa nini msichana achague vyuma nilitoa sababu nzuri za kuandika kwenye barua ya maombi, wakati sababu ilikuwa nati ya mviringo iliyonizungukia kidoleni gizani. Siku hizi beji hizo ziko kwenye simu, watu wa nchi za mbali wanazipiga picha uso na mgongo na kubishana. Nimeiona ile ya daraja la kwanza. Ni ngao ileile ya buluu, majani yaleyale, tarakimu moja katikati. Niliitazama hadi kioo kikazima. Bariadi nayo imebadilika, imekuwa makao ya mkoa, ina maofisi na pikipiki zinazokuita dada kila kona. Na nyumba ya Sapiwi ina taa ya sola kwenye kile chumba changu. Sasa kuna mwanga hadi pembeni. Lakini tangu nilipoletwa kumtunza babu, ambaye macho yake yamefunikwa na ukungu na ambaye kila asubuhi hukipapasa kibendera chake kama mtu anayesali, nilihisi lundo likirudi, polepole, kutokea miguuni. Hakuna aliyenifungia. Shangazi zangu waliponiambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao," walisema kwa upendo, wakiniletea samli. Pengine komeo la kweli ni hilo.

Ijumaa nilimwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikayapanga upya, na yote yakanikimbia.

"Guku, nimeitwa kazini. Morogoro."

Akaendelea kupapasa. "Nani atanichemshia maji?"

"Shija na mkewe watahamia humu. Nimeshaongea nao."

"Mke wa Shija ni wa Nassa, kule ziwani. Atanilisha dagaa mpaka niote mapezi."

"Unapenda dagaa."

"Napenda nikiwa nimetaka mwenyewe." Akaacha kupapasa. Kisha kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mwanamume aliyekuwa akikamua na hakusimama, akasema, "Kifua kinanibana siku hizi, Kabula. Sijui kama nitafika mavunoni."

Nilimtazama kifua. Nilisikiliza pumzi yake kama alivyonifundisha kusikiliza kijibati cha beji ya mwavuli. Huenda ilikuwa kweli. Huenda ilikuwa zizi lile la baba yake. Nikiendelea kutafuta ni ipi, nilijua, nitazeeka nikiitafuta, mkono umezama begani. Nikasema, "Kesho asubuhi Shija atakupeleka hospitali Bariadi, wakupime kifua na macho. Nimeshamwambia daktari. Mimi nitaondoka Jumapili."

"Hizi haziondoki kwenye mji huu," akasema, akikumbatia kibendera.

"Najua. Nakuachia."

Hospitalini waliona shinikizo la damu, wakampa dawa, wakamwandikia siku ya kurudi kwa ajili ya macho. Akarudi akilalamikia foleni, jambo lililonipa moyo. Mchana ule, akiwa amesinzia kwenye kiti, nilikishusha kibendera msumarini, nikachukua sindano na uzi mwekundu wa bibi, nikaliziba lile tundu. Kingo zilikuwa ngumu, sindano ilinichoma mara kadhaa. Nilijiuliza nina haki gani, nikaendelea kushona. Alipoamka akakipapasa, akafika.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Tusimsubiri tena, Guku. Hayuko malishoni."

Gumba lake likapita juu ya mshono, likarudi, likapita tena. "Umeshona kama unafunga gunia," akasema. Lakini hakuufumua.

Jumapili asubuhi pikipiki ilikuja mapema. Nilimuaga akiwa ndani, akaitikia salamu yangu kama mtu anayemsalimu mpita njia, nikatoka na begi. Nilikuwa uani, mke wa Shija ameshawasha moto, niliposikia sauti yake kupitia lile dirisha, akilitaja kundi lake kwa mpangilio: wa kofia, Gvardia, askari bora, mwavuli, mkimbiaji, daraja la tatu, la pili. Hapo akasimama. Nikasimama nami, mguu mmoja juu ya pikipiki, ule uliowahi kuvunjika bado chini. Kimya kilikuwa kirefu kuliko cha siku zote, na kila kitu ndani yangu kilitaka kurudi kuona.

"Twende, dada?" dereva akauliza.

"Twende," nikasema, nikauinua na huo mwingine.